Ukali wa nini? Maana za neno -kali na pale linapokosewa

Mtu akisema "huyu ni mkali" na kuishia hapo, bado hajasema kitu. Kama anamsema mbwa, utasita kusukuma geti. Kama anamsema mwalimu, utamaliza kazi zako mapema. Kama anamsema mpiga gitaa, utatafuta kiti cha mbele. Neno ni lilelile, lakini mara linaonya, mara linalalamika, mara linasifu.

Vivumishi vingi vya Kiswahili hubeba maana zaidi ya moja. Tunasema mzigo mzito, uji mzito, usingizi mzito, na hakuna anayechanganyikiwa. Ila -kali limesambaa kuliko mengi ya wenzake. Limo jikoni, hospitalini, barabarani, kwenye utabiri wa hali ya hewa, kwenye somo la hisabati, kwenye taarifa za polisi na kwenye ushabiki wa muziki. Mdomoni halileti tabu, kwa kuwa anayesikiliza anakiona kinachozungumzwa. Tabu huanza kwenye maandishi: tafsiri, habari, maelezo ya matumizi ya dawa, matangazo ya biashara. Huko msomaji yuko peke yake na neno, na mwandishi asipokuwa mwangalifu anamwacha njia panda.

Njia ya haraka ya kulishika neno hili ni kuliuliza kinyume chake. Kisu kikali kinyume chake ni kisu butu. Baba mkali, baba mpole. Mwanga mkali, mwanga hafifu. Embe kali, embe tamu. Mteremko mkali, mteremko wa taratibu. Onyo kali, onyo la kawaida tu. Kinyume kikibadilika, ujue na maana imebadilika. Ukikosa kinyume kabisa, kama katika "wimbo mkali", ujue umeingia kwenye lugha ya sifa, na huko neno lina kanuni zake.

Kwanza upatanisho

Mzizi wa neno unaanza na konsonanti, kwa hiyo viambishi vinashika bila mabadiliko ya sauti: mtu mkali, watu wakali, moto mkali, mioto mikali, jicho kali, macho makali, kisu kikali, visu vikali, sheria kali kwa umoja na kwa wingi. Ni rahisi, lakini kuna sehemu tatu ambazo watu wanateleza kila siku.

Ya kwanza iko kwenye mageti. Kibao cha "Mbwa kali" kimeenea Kenya kiasi kwamba wengi wanakiona ndiyo sahihi. Kwa Kiswahili sanifu, kiumbe mwenye uhai hufuata upatanisho wa watu hata kama jina lake halianzi na m-: mbwa mkali, mbwa wakali, simba mkali, nyuki wakali. Wanaosoma kibao wanaelewa, na mbwa atauma vilevile, lakini kwenye andiko rasmi kosa hilo linaonekana haraka.

Upatanisho huu una faida kubwa kuliko usahihi wa mtihani. Chukua neno tembo. "Tembo mkali" ni mnyama, usimsogelee. "Tembo kali" ni pombe ya mnazi iliyokaa ikachacha, tofauti na tembo tamu iliyogemwa karibuni. Herufi moja imetofautisha mnyama na kinywaji. Mtu anayeandika "tembo kali wamevamia shamba" amewapa tembo wake upatanisho wa kileo, na sentensi inayumba hata kabla haijafika mwisho.

Ya pili ni ngeli ya U-. Tunasema upepo mkali, upanga mkali, ugonjwa mkali, ulinzi mkali, wembe mkali. Wapo wanaoandika "upepo ukali" kwa kudhani u- lazima ijibiwe na u-. Ukali ni nomino. "Upepo ukali" ni nomino mbili zimesimama bega kwa bega bila kiunganishi. Ukitaka kuitumia nomino, sema "ukali wa upepo". Kwenye wingi, maneno ya aina ya wembe na upanga huchukua umbo tupu: nyembe kali, panga kali.

Ya tatu ni makali. Umbo hili ni maneno mawili yanayofanana sura. Katika "maneno makali" na "maumivu makali" ni kivumishi. Katika "makali ya kisu" ni nomino kamili, ya wingi isiyo na umoja, yaani ile sehemu ya chuma inayokata. Ukiona ya, yake au yenyewe imefuata, una nomino mkononi. Tofauti hii inahusu maana pia: "maneno makali" yamekwaruza moyo wa msikilizaji, na "makali ya maneno" ni ile nguvu ya kukwaruza, ambayo unaweza kuiongeza au kuipunguza.

Kielezi nacho kina mipaka. "Vikali" huambatana na vitenzi vya kusema na kupambana: kulaani vikali, kukanusha vikali, kupinga vikali, kushambulia vikali. Hakiendi kila mahali. Aliyegongwa na gari "amejeruhiwa vibaya", hajajeruhiwa vikali. Kisu "kinakata sana", hakikati vikali. Na anapoangaliwa mtu kwa hasira, tunasema "alimtazama kwa ukali".

Ncha na makali

Kwenye vifaa vya kukatia, -kali linahusu hasa upande unaokata. Kisu, panga, shoka, wembe na jembe vina makali. Kinachochoma kina ncha: sindano, mwiba, msumari, mkuki. Tukitaka kusema ncha hiyo inapenya kirahisi, tunaunganisha: "yenye ncha kali". Ndiyo maana hospitalini taka hatari huitwa "vitu vyenye ncha kali", na sindano zilizotumika hutupwa kwenye kisanduku chao maalumu.

Hapo pana kasoro ndogo inayostahili kurekebishwa na wanaoandika mabango ya afya. Wembe na kisu cha upasuaji hatari yao kubwa iko kwenye makali. Mfanyakazi mpya akisoma "ncha kali" anaweza kuwaza sindano peke yake, akatupa wembe kwenye taka za kawaida. "Vitu vyenye ncha au makali" inaongeza neno moja tu na inaziba pengo hilo.

Kwenye kazi yenyewe, kunoa ni tendo la kusugua kwenye jiwe au kwa tupa, na kutia makali ni matokeo. Unaweza kunoa asubuhi nzima usitie makali, kama pembe ya kunolea umeishika vibaya na upande unaokata ukaviringika. Kisu kilichochoka kimeisha makali au kimekuwa butu. Kilichogonga mfupa kimeingia mapengo, na hicho kinataka kuondolewa chuma kwanza, ndipo kinolewe. Methali inasema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.

Hisabati ya shule ya msingi imechukua jozi hiihii. Pembe kali ni ile iliyo chini ya nyuzi 90, pembe butu imezidi 90 na haijafika 180. Mwanafunzi anayekariri majina haya kama istilahi tupu huyachanganya. Aliyeangalia ubapa wa kisu hayachanganyi, kwa sababu pembe nyembamba ndiyo inayokata. Barabarani vivyo hivyo: kona kali ni ile ambayo njia mbili zinakutana kwa pembe ndogo. Kona ya nyuzi 60 ni kali kuliko ya nyuzi 120, ingawa namba yake ni ndogo.

Kutoka kwenye chuma, makali yamehamia kwenye kila kinachoumiza kwa muda: makali ya maisha, makali ya njaa, makali ya ukame, makali ya mgawo wa umeme. Waandishi wa habari wanaipenda nomino hii, na wana sababu, kwa kuwa inakubali vitenzi ambavyo ukali haivikubali kwa ulaini uleule. Makali hupunguzwa, hufifishwa, huongezwa. Ukali huhisiwa na kupimwa. "Ukali wa maisha" unataja hali. "Makali ya maisha" yanataja inavyokata, na sentensi inayofuata karibu kila mara itasema nani anayapunguza.

Mfano ulioenea kuliko yote ni "dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI". Usemi huo uliundwa vizuri kwa namna moja: haukudai kuponya. Dawa hizo huzuia virusi visizaliane mwilini, na virusi hubaki. Lakini una upungufu. Makali yaliyopunguzwa bado ni makali, na msomaji anaweza kudhani kinga dhidi ya kuambukiza ni ya nusunusu. Ukweli wa kitabibu ni kwamba mtu anayetumia dawa vizuri hadi virusi vikawa vichache kiasi cha kutoonekana kwenye kipimo, na akabaki hivyo, hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya ngono. Usemi mwingine unaotumika, "kufubaza virusi", unafaa zaidi, kwa kuwa unaelekeza macho kwenye virusi vyenyewe kunyamazishwa.

Kwenye ulimi

Hapa ndipo -kali linapokuwa gumu kwa anayeandika mapishi au kutafsiri maelezo ya vyakula, kwa kuwa linashika ladha ambazo haziko pamoja hata kidogo. Pilipili ni kali. Tangawizi ni kali. Ndimu ni kali, embe bichi ni kali, ukwaju ni mkali. Siki ni kali. Pombe ya kunereshwa ni kali.

Pilipili haina joto na haina ladha ya ukali kwa maana ya chumvi au sukari. Kemikali yake, kapsaisini, hukamata vipokezi vya neva vilevile ambavyo hushtuka mwili unapoguswa na kitu cha moto, joto la kuanzia kama nyuzi 43 za Selsiasi. Ubongo unapokea taarifa ya kuungua. Kwa hiyo Kiswahili kinapoweka pilipili na moto chini ya kivumishi kimoja, kinasema sawasawa na mwili. Na kwa kuwa kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji, maziwa hutuliza mdomo vizuri kuliko glasi ya maji.

Ukali wa ndimu ni kitu kingine: ni asidi, na ulimi wenyewe ndio unaoionja. Mpishi anayeandika "mchuzi uwe mkali kidogo" hajamwambia msomaji kama aongeze pilipili au akamue ndimu. Andika kiungo: "uwe na pilipili ya kuhisika", "ndimu ionekane". Wenye kupika kwa kuonja wana neno lao zuri la katikati, ukaliukali, yaani ladha inayogusa ulimi bila kuushika. Urudufu huo hupunguza makali ya neno, sawa na tamutamu na chunguchungu.

Usichanganye -kali na -chachu wala -chungu. Uchachu unatokana na kuchacha: unga uliolala, tembo iliyokaa, wali uliobaki hadi kesho yake. Ndimu iliyokatwa sasa hivi haijachacha, ni kali tu. Lakini baadhi ya watu huita embe kali "embe chachu", na wanaeleweka. Uchungu ni wa shubiri na mwarobaini. Ndiyo maana tunasema chungu kama shubiri na kali kama pilipili. Ukizibadilishana, msikilizaji atakurekebisha. Kahawa inakubali yote mawili. Kahawa chungu ni isiyotiwa sukari. Kahawa kali ni iliyokolezwa. Kikombe kimoja kinaweza kuwa kikali na kitamu kwa wakati mmoja, na hapo unaona kwamba kali ya kahawa kinyume chake ni nyepesi.

Kwenye vileo, "vinywaji vikali" ni vile vilivyonereshwa, vyenye kiwango kikubwa cha alkoholi. Ungetarajia kinyume chake kiwe vinywaji laini au vyepesi, lakini Kiswahili kimechagua "vinywaji baridi" kwa soda na maji ya matunda, hata kama chupa imeshinda juani. Mtafsiri anayeogopa neno baridi kwa kuwa linataja halijoto anajisumbua bure, jina limeshakaa.

Kisha kuna siki, ambayo inafundisha jambo zuri kuhusu neno la kawaida na istilahi. Mezani siki ni kali, hakuna anayebisha. Maabara, asidi iliyomo ndani yake, asidi asetiki, ni asidi dhaifu. Asidi kali kwa mkemia ni ile ambayo molekuli zake karibu zote huachia ioni za haidrojeni zikiwa kwenye maji, kama asidi hidrokloriki. Asidi asetiki huachia chache tu. Na hilo halina uhusiano na wingi wa asidi kwenye maji: siki ya mezani ina kama asilimia 5 ya asidi asetiki, na hata ukiikoleza hadi ikaunguza ngozi, bado ni asidi dhaifu kwa tabia. Kwa hiyo mwandishi wa kitabu cha sayansi anahitaji jozi mbili za maneno zisizogusana: kali na dhaifu kwa tabia ya asidi, iliyokolezwa na iliyozimuliwa kwa wingi wake. Akitumia "kali" kwa yote, mwanafunzi atakosa swali ambalo jibu lake analijua.

Jua kali, mvua kubwa

Jua ni kali. Joto ni kali, baridi ni kali, upepo ni mkali, ukame ni mkali. Mvua? Mvua ni kubwa. Sikiliza tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania: "upepo mkali", "mvua kubwa", "mawimbi makubwa". Hawajabahatisha. Mvua hupimwa kwa wingi wa maji yanayoanguka, mawimbi kwa kimo. Upepo na baridi mtu huvijua kwa vinavyoupata mwili. "Mvua kali" inasikika mitaani, hasa inapokuja na radi na kupiga paa, na hapo anayesema anawaza kupigwa kuliko maji. Kwenye taarifa, bakia na kubwa.

Jua kali lenyewe limezaa jina la sekta nzima nchini Kenya: mafundi wanaofua vyuma, kuchomelea na kuunda samani nje, bila paa. Dunia ilianza kuizungumzia kwa upana sekta isiyo rasmi baada ya ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ya mwaka 1972, lakini jina la jua kali ni la watu wenyewe, na limewashinda wataalamu kwa uwazi wake. Tanzania neno linalokwenda nalo ni nguvukazi. Katika matumizi haya jua kali limekuwa jina moja, kwa hiyo upatanisho unafuata neno linalotangulia: fundi wa jua kali, sekta ya jua kali, bidhaa za jua kali. Linasikitisha pale linapotumiwa kumaanisha kazi iliyolipuliwa. Jina lilitaja mahali pa kazi, na bawaba iliyofuliwa nje haizidiwi na ya kiwandani kwa sababu hiyo peke yake.

Kwa hisi nyingine tunaweza kwenda haraka. Mwanga mkali, kinyume chake hafifu. Harufu kali, ambayo inaweza kuwa ya manukato au ya mzoga; sentensi lazima iseme. Rangi kali ni ile inayowaka, kinyume chake ni iliyopoa. Sauti ndiyo yenye mtego. Sauti kubwa inasikika mbali. Sauti kali inachoma sikio, hata ikiwa ndogo kama mlio wa mbu. Maelezo ya redio yanayosema "punguza ukali wa sauti" mara nyingi yalitaka kusema "punguza sauti".

Hisia za moyoni nazo zimechagua. Hasira ni kali, wivu ni mkali, njaa na kiu ni kali. Furaha ni kubwa. Huzuni ni kubwa au nzito. Usingizi ni mzito. Hamu ni kubwa. -kali linakwenda na hisia zinazounguza, kwa hiyo "furaha kali" inasikika kama tafsiri ya haraka, na "mapenzi makali" yanamfanya msomaji afikirie ugomvi.

Homa kali, ugonjwa mkali

Huku uzembe una gharama. Kwenye lugha ya tiba kuna mambo mawili tofauti. Moja ni uzito wa ugonjwa: umezidi, unatishia maisha. La pili ni mwendo wake: umeanza ghafla na unakwenda haraka, tofauti na ule unaokaa miezi na miaka. Kiingereza kina maneno mawili kwa hayo, severe na acute, na watafsiri wengi wanayaangusha yote kwenye -kali.

Kwa uzito wa ugonjwa, -kali linafaa kabisa. Malaria kali ni ile iliyoleta dalili za hatari kama kupoteza fahamu, degedege, upungufu mkubwa wa damu au kushindwa kupumua vizuri. Utapiamlo mkali ni ule uliovuka kipimo cha hatari. Kwa mwendo wa ugonjwa, neno linapotosha. Mafua ya kawaida huanza ghafla na kuisha baada ya siku chache, kwa hiyo kitabibu yako kundi la magonjwa ya ghafla, ila hakuna mgonjwa atakayekubali kwamba ana "ugonjwa mkali". Andika "ya ghafla" au "ya muda mfupi". Kwa ugonjwa wa muda mrefu tunalo neno zuri, sugu: kikohozi sugu, maumivu sugu. Na maumivu sugu yanaweza kuwa makali sana, kwa hiyo sugu na kali si vinyume. Fomu ya hospitali inayompa mgonjwa achague kati ya "makali" na "sugu" inamuuliza maswali mawili kwa kisanduku kimoja.

"Dawa kali" nayo inahitaji kuchimbwa. Mgonjwa anaposema dawa ni kali anaweza kumaanisha ina nguvu dhidi ya ugonjwa, na hapo anaisifu. Anaweza kumaanisha inamchosha, inamtapisha, inamtia kizunguzungu. Anaweza kumaanisha inaunguza koo. Mhudumu asiyeuliza "inakufanyaje?" anaweza kuandika malalamiko mahali palipokuwa na shukrani. Wapo pia wanaoacha dawa kwa kuambiwa tu "hii ni kali", wakaielewa kama onyo. Kwenye maelezo ya matumizi, taja jambo lenyewe: inywe baada ya chakula, inaweza kuleta usingizi, usiendeshe gari.

Mkali kwa, mkali wa

Mtu mkali ni yule asiyevumilia kosa lipite. Hilo halimfanyi mkatili. Mkatili hufurahia au hajali maumivu ya mwenzake. Mkali anaweza kuwa mwenye haki kuliko wote darasani, na watu wengi humkumbuka mwalimu mkali kwa shukrani. Kinyume cha mkali ni mpole, kinyume cha mkatili ni mwenye huruma, na mtu anaweza kuwa mkali mwenye huruma bila kujipinga. Habari inayomwita mtesaji wa watoto "mlezi mkali" imempunguzia kosa kwa kuchagua neno lisilo lake.

Macho makali yana pande mbili: yanaona mbali, au yanatisha. Methali "ukali wa jicho wazidi wembe" inakaa upande wa pili. Mtazamo peke yake unaweza kumkata mtu. Ulimi mkali hauna sifa kamwe. Na "akili kali" inasikika siku hizi, lakini Kiswahili kilikuwa na njia zake zilizo wazi zaidi: mwerevu, mwepesi wa kuelewa, ana akili pevu.

Kwenye sifa, angalia kinachofuata neno. "Mkali kwa watoto" anawabana. "Mkali wa mabao" anayafunga. "Mkali wa hesabu" anazijua. Kiunganishi wa ndicho kinachogeuza lawama kuwa sifa. Sasa soma hii: "mwalimu mkali wa hesabu". Ni mwalimu wa hesabu anayechapa kazi kwa mkono wa chuma, au ni mwalimu aliyebobea kwenye hesabu? Zote zinawezekana. Mpangilio ukibadilika, utata unapungua: "mwalimu wa hesabu, mkali" ni wa kwanza, "mwalimu aliye mkali wa hesabu" ni wa pili. Kama wewe ni mhariri, usiiache sentensi hiyo ipite hivihivi.

Hatua kali

Taarifa rasmi zimelichosha neno hili. "Hatua kali za kisheria zitachukuliwa dhidi ya yeyote atakayebainika." Sentensi inasikika nzito, lakini haimwambii mvunja sheria atapata nini. Faini? Kifungo? Kufutiwa leseni? Kufukuzwa kazi? Kivumishi kimekaa mahali pa taarifa. Onyo linalotaja adhabu lina nguvu kuliko lenye kivumishi, na kama adhabu haijulikani, ni afadhali kusema "atashtakiwa" kwa kuwa hilo angalau ni tendo. Ulinzi mkali, ushindani mkali, mjadala mkali: yote ni sahihi kisarufi, na yote yanapendeza zaidi ukionyesha idadi ya askari, tofauti ya alama, au hoja iliyogawa watu.

Kwenye siasa na dini, "msimamo mkali" na "itikadi kali" zimekuwa istilahi za watu wasiokubali njia ya kati, na mara nyingi hutumika kwa wanaofanya fujo. Mtu anayeshikilia hoja yake kwa uthabiti katika majadiliano ya bajeti hafai kuitwa mwenye msimamo mkali, kwa kuwa msomaji ataelewa kitu kingine. Ana msimamo thabiti.

Lugha ya mtaani nayo ina utata wake. "Ngoma kali" na "ofa kali" ni sifa tupu. "Bei kali" ni shida: muuzaji anayetangaza kwa kipaza sauti anamaanisha bei ya kuvutia, mnunuzi anayenung'unika anamaanisha bei inayoumiza. Kwenye tangazo lililoandikwa, ambapo sauti ya furaha haisikiki, weka "bei nafuu", au andika bei yenyewe.

Na kuna "Hii kali!", mshangao usio na nomino. Umbo linabaki kali, kana kwamba kuna "habari" iliyomezwa, na ndiyo maana tunapata "kali ya mwaka" na "ametoa kali". Huwezi kusema "mkali ya mwaka". Kwa anayesimulia, mshangao huo unapima tukio lililovuka mipaka, liwe la ajabu, la aibu au la ushujaa, na halichagui upande. Kichwa cha habari kinachoishia kwenye "Kali ya mwaka!" kinahitaji tukio lenyewe kwenye mstari huohuo.